Ng'ambo ya mfereji

Daktari alitupa siku nne. Kati ya dozi ya tatu na ya nne ya kemo, dawa ya saratani, damu ya mama ilikuwa imepanda vya kutosha, akasema: mpeleke mahali penye upepo, anywe maji ya chupa tu, akae mbali na watu wenye mafua, na Jumatatu saa mbili asubuhi awe hapa. Wakati huo tulikuwa na wiki tisa Chennai, kusini mwa India, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya hospitali, katika uchochoro ambao ukitoka alfajiri kununua maziwa unapishana na Watanzania, Wasomali, Waomani na Wabangladeshi, kila mmoja na bahasha yake kubwa ya eksirei kwapani. Mama hakuwahi kulalamika hata siku moja. Jioni ile alisema neno moja tu: "Mwanangu, mie naitaka bahari."

Kutoka Chennai hadi Pondicherry ni kama kilomita 150 kwa barabara ya pwani. Wenyewe wanauita mji huo Pondy. Jina rasmi tangu 2006 ni Puducherry, nalo ndilo la asili, kwa Kitamil ni kijiji kipya. Pondicherry ni ulimi wa Mfaransa ulivyolibeba. Tulikodi teksi. Dereva alikuwa ametundika uzi wa asumini mbichi juu ya dashibodi, mbele ya picha ya mungu wake, na gari zima lilinukia kama nyumba ya harusi. Mama alipoingia alivuta pumzi ndefu akanitazama bila kusema kitu.

Njia yenyewe ni ya pwani hasa: minazi, mivumo, mashamba ya chumvi ya Marakkanam yanayong'aa mpaka macho yanauma, wanaume wakikokota chumvi kuifanya vichuguu vyeupe. Halafu ikaja mivinje. Maili kwa maili, imepandwa kwa safu mchangani. Mama amezaliwa Kilwa Kivinje. Aliolewa Unguja akiwa na miaka 17, na maisha yake yote yaliyobaki ameishi Kikwajuni na kuuza vitambaa Darajani. Alishusha kioo. Mvinje una sauti yake upepo ukiupitia, si ya majani, ni kama bahari iliyo mbali. "Sikiliza," akasema, "kwetu hivi hivi." Nilimwomba dereva apunguze mwendo, lakini nyuma yetu kulikuwa na basi likipiga honi, tukapita.

Nieleze kidogo mji ulivyokaa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kampuni ya Kifaransa ya India ilitia nanga hapa mwaka 1674, chini ya François Martin. Waholanzi wakauteka 1693, na wao ndio waliochora mitaa iliyonyooka inayokatana kama mistari ya daftari la hesabu. Wafaransa waliporudishiwa mji 1699 wakaufuata mchoro ule ule. Waingereza wakaubomoa karibu wote 1761, ukajengwa tena. Umetekwa na kurudishwa mara kadhaa mpaka 1816, ndipo ukatulia mikononi mwa Ufaransa hadi 1954. Na katikati ya mji, sambamba na bahari, umepita mfereji. Upande wa baharini waliishi Wazungu, wakauita Mji Mweupe. Upande wa bara waliishi Watamil, ukaitwa Mji Mweusi. Majina hayo yaliandikwa kwenye ramani hivyo hivyo, bila haya.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa upande wa bara. Siku ya kwanza tulivuka mfereji kwa miguu kwenda baharini, mama ameshika mkono wangu. Maji yalikuwa machache, ya kijivu, yenye harufu. Alisimama katikati ya kidaraja, akatazama mbele zilipo kuta za manjano na miti ya kivuli, akageuka akatazama tulikotoka, kwenye nyaya za umeme zilizosongana, pikipiki, maduka ya sufuria. Akasema: "Hapa ndipo Darajani kwao."

Msomaji wa Unguja ameshaelewa. Kwa wasiojua: kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo zamani kulikuwa na mkono wa bahari, ukijaa na kupwa, na daraja la kuuvukia ndilo lililoipa Darajani jina lake. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo. Kitu kilichofukiwa ni maji tu. Sisi tuliozaliwa Kikwajuni tumekua tukijua kwamba mtalii akisema Zanzibar anamaanisha upande mmoja wa barabara. Mama ameuza vitambaa miaka 30 na kitu penye mpaka ule, amehudumia watu wa pande zote mbili. Alihitaji dakika moja tu juu ya kidaraja kuusoma mji ambao mimi nilikuwa nimeusomea wiki nzima kwenye simu.

Mji Mweupe ni mzuri, na sitaki kumnyima mtu uzuri wake. Kuta zimepakwa manjano ya haradali na kingo nyeupe, mabogonvilia yamemwagika juu yake, vibao vya mitaa ni vya buluu vyenye maandishi ya Kifaransa na Kitamil: Rue Dumas, Rue Suffren, Rue Romain Rolland. Kanisa la Notre Dame des Anges la 1855 lina rangi ya waridi iliyopauka, limeelekea baharini, na mbele yake imesimama sanamu ya Jeanne d'Arc ambayo ukiitazama huko nyuma kuna Ghuba ya Bengal. Polisi wanavaa kofia nyekundu za mtindo wa Kifaransa. Wikiendi vijana wanamiminika kutoka Chennai na Bangalore. Wengine wanafuata pombe, maana kodi yake hapa ni ndogo kuliko kwa majirani, lakini wengi wanafuata kuta. Kila penye mlango wa rangi kuna msichana aliyevaa vizuri na kaka au mchumba aliyechuchumaa na simu.

Kuta hizo ni ndefu. Nyumba ya Kifaransa hapa imejifungia: ukuta, geti, kisha bustani ndani ambayo huioni. Mtaa mzima unaweza kutembea bila kupata mahali pa kuweka makalio. Mama alikuwa na nguvu za dakika kumi za kutembea, kisha lazima akae. Alikaa kwenye ngazi ya hoteli moja, ngazi mbili tu za jiwe zilizoingia barabarani, na kabla hajamaliza kufungua chupa ya maji mlinzi akatoka, kijana mpole, akasema samahani, hapa hapakaliwi. Nilimweleza kwamba ni mgonjwa. Akasema anaona, lakini ataulizwa yeye. Mama akainuka kabla sijasema zaidi. "Muache," akaniambia, "ana kazi yake." Tukaenda tukimtafutia mama pa kukaa mpaka tukafika ufukweni.

Ufuko wa Pondicherry si mchanga kama unavyodhani. Ni mawe meusi makubwa yaliyopangwa kuzuia bahari, maana tangu bandari ilipojengwa upande wa kusini mwishoni mwa miaka ya 1980 mkondo ulikula mchanga wote. Mbele ya Sekretarieti wamejaribu kuurudisha kwa kuzamisha mwamba wa kutengenezwa, na kipande kidogo cha pwani kimezaliwa upya pale, watoto wamejaa. Jioni magari yanazuiwa, mji mzima unashuka kutembea. Pana vinara, pana sanamu kubwa ya Gandhi akitembea kati ya nguzo nane za mawe, pana mnara wa taa wa 1836. Mama alikaa ukutani, akavua viatu, akafunga macho. Kaskazi ilikuwa inavuma. Hakusema lolote kwa saa nzima, nami nilijua kabisa kwamba tumefanya vyema kuja.

Tofauti moja aliiona yeye. Forodhani sisi jua tunaliaga. Hawa wanalipokea.

Pembeni yetu palikuwa na jengo jeupe la manispaa, linaloitwa Mairie mpaka leo. Sura ni ya karne ya 19, lakini nguzo zake zimenyooka mno, chokaa haina ufa. Lile la asili lilianguka Novemba 2014 mvua kubwa ziliponyesha. Wakalijenga upya kwa umbo lile lile na kulifungua 2021. Nilipomweleza mama, akauliza tena: "Lilianguka lenyewe?" Nikasema ndiyo. Yeye alikuwa kwenye meza yake Darajani tarehe 25 Desemba 2020 Beit el Ajaib lilipoporomoka, akafunga biashara akaenda kusimama na watu Forodhani, na aliporudi nyumbani alilia kama kwa mtu. Watu wawili walikufa siku ile. Akaitazama Mairie kwa muda. "Basi inawezekana," akasema.

Karibu na hapo kuna mnara wa kumbukumbu ya askari wa India ya Kifaransa waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Kwenye benchi lililouelekea alikaa mzee mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi sana, na medali ndogo kifuani ingawa haikuwa sikukuu. Alimsalimia mama kwanza, kwa kuunganisha viganja, kisha akaniuliza kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa tunatoka wapi. Baba yake, alisema, alikuwa miongoni mwa waliochagua. Mkataba wa kukabidhi mji ulitiwa saini 1956 lakini Bunge la Ufaransa likauidhinisha 1962, na ulipoanza kazi wenyeji walipewa miezi sita kuamua kama wanabaki Wafaransa. Wengi hawakujua, au hawakuona haja. Waliochagua Ufaransa, watoto wao ni Wafaransa hadi leo, wana ubalozi mdogo wao, wana shule ya tangu 1826, wanapiga kura ya rais wa Paris kutoka mitaa ya Kitamil. Yeye alilitumikia jeshi la Ufaransa miaka 15 na analipwa kiinua mgongo chake kwa euro. Nikamuuliza yeye ni nani basi. Hakuona swali baya. Akasema: "Wali nakula kwa mkono. Barua zangu zinakuja kwa Kifaransa."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, kwa sababu watu wa hapa walilipia barua zile. Kuna kisa cha wakili mmoja, Ponnoutamby, aliyezuiwa mahakamani mwaka 1873 kwa kuingia amevaa viatu vya Kizungu, jambo ambalo Mhindi hakuruhusiwa. Alikata rufaa mpaka Paris akashinda. Mwaka 1881 ilipotoka amri ya kumruhusu mwenyeji kuachana na sheria za jamii yake na kuchukua sheria ya Kifaransa pamoja na jina la ukoo, yeye alichagua Laporte. Mlango. Wengi waliomfuata walikuwa watu wa tabaka za chini, ambao Ufaransa kwao haikuwa mvinyo wala kuta za manjano. Ilikuwa ni pa kukimbilia wasiitwe tena jina walilozaliwa nalo.

Sasa nirudi ng'ambo, maana ndiko tulikoishi.

Nyumba ya Kitamil inaanza barabarani. Juu kuna paa la vigae lililoshuka mpaka kwenye nguzo za mbao, chini yake, ukutani, pande mbili za mlango, kuna benchi la kujengwa lenye urefu wa mtu kulala. Wanaliita tinnai. Mama alipoliona mara ya kwanza, teksi haijasimama vizuri, alisema: "Baraza!" Na kweli ni baraza. Kazi yake ni ile ile: mwenye nyumba anapunga upepo, jirani anapita anakaa, na zamani msafiri aliweza kulala hapo bila kubisha hodi. Ukiingia ndani unakuta uwazi katikati, anga juu, vyumba vinazunguka, kama ua wetu. Nyingine zimechanganya: chini Kitamil, ghorofani matao na madirisha marefu ya Kifaransa, kwa sababu mfanyabiashara aliyevuka mfereji kila siku alirudi na mambo machoni. Mtaa wa Vysial, safu nzima ya mbele zake ilitengenezwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na shirika la urithi la INTACH, vigae vikarudi, nguzo zikarudi. Nyuma ya mtaa huo nyingi zinabomolewa bado, panainuka ghorofa za vioo. Kila tinnai inayovunjwa ni mahali ambapo mgonjwa wa mtu hatakaa. Hilo nalisema kwa uchungu, maana Kikwajuni pia baraza zinakwisha, zinaliwa na maduka.

Wala sitasema ng'ambo hii ilikuwa ya wote. Mitaa iligawanywa kwa dini na kwa tabaka, Wahindu huku, Wakristo huku, Waislamu kusini, na kulikuwa na watu ambao baraza lenyewe hawakuthubutu kuliwekea mkono. Siku ya Ijumaa nilienda kuswali kwa Waislamu. Kuna barabara huko inaitwa Cazy. Ni kadhi, kwa matamshi yao. Msikiti ulijaa mpaka nje, watu wamefunga lungi, misuli hasa ile ile ya kwetu, na mzee mmoja aliposikia natoka Zanzibar alinishika mkono akaniuliza karafuu bei gani mwaka huu. Sikujua bei. Nilifurahi mno kuulizwa.

Mwenyeji wetu alikuwa mjane wa rika la mama. Mama amekulia sinema za Kihindi za Majestic, nyimbo anazo kichwani kwa mamia, na maneno ya kuombea maji na kuulizia bei anayajua vizuri. Akamsemesha mwenyeji kwa Kihindi chake hicho. Yule mama akatabasamu, akajibu Kitamil kitupu. Hakielewi Kihindi, wala hana haja nacho. Kitamil si cha ukoo ule kabisa. Sisi pwani kwetu Mhindi ni wa Gujarati, Kachi au Goa, watu wa upande wa magharibi wa nchi ile. Huu ni upande mwingine wa nyumba. Lugha ikaisha hapo. Ikabaki neno moja: amma. Kwa Kitamil ni mama, na wanamwita hivyo kila mwanamke mtu mzima, muuza samaki, mpita njia, mteja. Kila mtu mtaani akamwita mama yangu Amma. Dereva mimi nilimwita anna, kaka, kama nilivyofundishwa. Wiki tisa hospitalini mama alikuwa na namba kwenye kitambaa cha mkononi. Hapa aliitwa kama anavyoitwa kwao.

Alfajiri mwenyeji alifagia mbele ya mlango, akanyunyiza maji, akachora kolam kwa unga wa mchele: vitone kwanza, kisha mstari usiokatika unaozunguka vitone vyote mpaka ujikute ulipoanzia. Mama alikaa tinnai na kumwangalia, kila asubuhi, siku zote tulizokuwa pale. Saa nne mchoro umeshakanyagwa, sisimizi wanabeba unga. Kesho unachorwa mwingine.

Kula alikuwa hali. Hili ndilo lililokuwa likinitisha kuliko vipimo. Asubuhi ya pili, kona ya mtaa, palikuwa na mwanamke na jiko la gesi, na juu yake kikaango cha chuma chenye vishimo saba. Mama aliachia mkono wangu. Akasogea, akakitazama kile kikaango, akamtazama yule mwanamke, akaonyesha kwa vidole: unamwaga, unageuza kwa kijiti. Yule akaitika kwa kichwa. Wanaita paniyaram, vitumbua kwa umbo na kwa chombo, ila unga wao ni wa mchele na choroko nyeusi uliochachushwa, na vingine vina vitunguu na pilipili. Vinaliwa na chatne ya nazi. Ile ile, nyeupe, mbichi, ungeweza kuimwaga kwenye urojo. Mama alikula vinne. Alikula vinne, amesimama, barabarani, na mimi niligeuka nikajifanya natazama duka la simu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Upande ule wa pili watu wanasifu mkate wa Kifaransa. Niliununua. Mama akauvunja akasema, "Boflo," akaula na chai. Hapo hapakuwa na mengi ya kusema.

Soko kubwa liko ng'ambo pia. Samaki huku, mboga huku, na katikati safu ya wauza maua. Asumini yao inafungwa kwa uzi wa mgomba, maua mawili huku mawili kule, fundo, mawili tena, vidole havitazamwi. Inauzwa kwa mkono. Nasema mkono kwa maana ya kipimo: kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Wao wanasema muzham. Muuzaji anaunyoosha uzi juu ya mkono wake mwenyewe, anakata. Mama alimtazama akipima, na nikaona kitu kinaamka usoni mwake. Mwanamke huyu aliyelala wiki tisa alikuwa muuzaji, na kabla futi za chuma hazijaenea Darajani yeye na wenzake walipima kitambaa kwa mkono. Akachukua uzi uliokatwa, akaulaza juu ya mkono wake. Ukapungua vidole vinne. Akamtazama muuzaji. Muuzaji akacheka, akainua mkono wake mfupi juu hewani, kama kusema Mungu ndiye aliyeukata. Mama akacheka. Kicheko chenyewe, cha sokoni, cha kifua.

Wakashindana kwa vidole na macho. Rupia 40, hapana, 30. Katikati ya mabishano mtandio wa mama ukateleza nyuma, kwa kuwa hakuna nywele za kuushika. Muuzaji akaona. Hakubadilisha uso, wala hakunyamaza kwa huruma. Aliendelea kubisha bei mpaka wakakubaliana 35, akapokea pesa, akahesabu chenji. Kisha akapima mkono mwingine, safari hii akamshika mama kiwiko na kupimia juu ya mkono wa mama, ule mrefu, akakata, akatoa pini kwenye nywele zake mwenyewe, na akaubana uzi wote juu ya mtandio, hapa nyuma, mahali ambapo kingekaa kikuba. Akamrudisha nyuma hatua moja kumtazama. "Amma," akasema, akaitika kwa kichwa, akamgeukia mteja mwingine.

Mama hakuyavua maua yale mpaka usiku. Alilala ameyaweka kando ya mto.

Jambo moja nililibeba peke yangu siku zile. Kwenye simu nilikuwa nasoma shajara ya Ananda Ranga Pillai, dalali mkuu wa gavana Dupleix, aliyeandika karibu kila siku tangu 1736 hadi 1761 kwa Kitamil. Tafsiri yake ya Kiingereza ni juzuu 12. Nyumba yake bado ipo, ng'ambo, karibu na soko. Ni mtu anayeandika kila kitu, bei za nguo, njama, ndoto, uchungu wake 1748 Wafaransa walipobomoa hekalu la Vedapurisvara wakati wa mzingiro. Na ndani ya habari hizo wanapita watu ambao tafsiri inawaita coffrees. Ni kafiri, neno la Kiarabu lililopitia midomo ya Wareno: Waafrika, watumwa na askari wa Wafaransa. Walikuwemo katika kikosi cha kamanda Mfaransa, La Bourdonnais, kilichotoka Île de France, ndiyo Morisi ya leo, na kuiteka Madras 1746. Madras, yaani Chennai, mji uleule ambao mama analazwa.

Visiwa vile vya Wafaransa vilichota watu Madagaska na Msumbiji, kisha vikaja kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa apelekewe watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa. Na kutoka Pondicherry nako mafundi na watumwa wa Kitamil walipelekwa visiwa hivyo hivyo, na karne iliyofuata wakapakiwa wengine kwa maelfu, vibarua wa mkataba, mpaka Réunion, Martinique na Guadeloupe. Kwa hiyo watu wa pwani ile na pwani hii walikutana, wakala chungu kimoja, katika shamba la mtu mwingine. Nilikuwa nikitembea Rue Dumas nikijiuliza ni nani aliyebeba maji ya kuchanganyia chokaa hii. Jina lake halipo kwenye kibao chochote cha buluu.

Sikumweleza mama hayo ya watumwa. Nilimpeleka jumba la makumbusho badala yake, kumwonyesha shanga. Kilomita chache kusini ya mji kuna mahali panaitwa Arikamedu, alipochimba Mortimer Wheeler mwaka 1945 akakuta mitungi ya Kirumi, na ambapo vilikuwa viwanda vya shanga za kioo. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus, unaitaja bandari ya Poduke upande huu, na wataalamu wanaona ndiyo hapa. Kitabu kile kile, kurasa chache nyuma, kinaitaja Rhapta ya pwani yetu. Shanga ndogo za namna hii za India Kusini zimefukuliwa mpaka kwenye magofu ya Waswahili. Mama aliinamia kioo cha kabati, nyekundu ya tofali, manjano, kijani, ndogo kama mbegu za mchicha. "Hizi bibi yangu alikuwa nazo," akasema, "kiunoni." Hakusema kama anakisia. Akabaki ameinama mpaka mlinzi akamletea kiti. Mlinzi wa makumbusho, bila kuombwa.

Jumapili tukaondoka. Mwenyeji alimfungia mama paniyaram kwenye jani la mgomba, wakashikana mikono mlangoni muda mrefu, kila mmoja akisema lugha yake, na hakuna aliyehitaji mimi nitafsiri. Mama alipita kando ya kolam ili asiikanyage.

Njiani nilikuwa nimeshamwambia dereva. Alipoiona mivinje alitafuta mahali pa kuegesha, akapanda mchangani, akasimama. Mama akafungua mlango akateremka mwenyewe. Alisimama ameushika mlango wa gari kwa mkono mmoja, uzi wa maua uliokauka bado umebanwa kwenye mtandio, kaskazi ikitoka baharini ikipita juu yetu. Dereva akatazama saa, akamtazama mama, akazima injini ili asikie vizuri.